Gia ya Matope kwenye Theluji

Dunstan alimpokonya dada yake funguo kabla hata hajafunga zipu ya koti. "Leo naendesha mimi," akasema. Gari lilikuwa la Jepkosgei, huyo dada, lakini akaingia upande wa abiria. Utabishana vipi na kifungua mimba siku ambayo mama anakata roho?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Desemba 2009, na Silver Spring nzima, huko Marekani, ilikuwa imezama kwenye theluji. Hospitali ilikuwa imepiga simu: kama mnakuja, njooni sasa hivi. Mama yao alikuja kutoka Nandi mwezi wa Agosti kuwaona, moyo ukamlaza Oktoba, na tangu alfajiri alikuwa akiuliza jambo moja tu, Dunstan yuko wapi. Alitaka kumtemea mate viganjani, baraka ya mzazi kwa mwanawe. Baba yao alikufa Dunstan akiwa huku bila karatasi za kumruhusu kwenda na kurudi, akazikwa bila kumbariki. Miaka sita jambo hilo lilimkaa kooni. Mate ya mama hakuwa tayari kuyakosa, hata ikibidi atambae.

Gari lenyewe lilikuwa la kisasa, la betri na petroli, kimya mpaka unadhani limezima. Jepkosgei alikuwa amesoma kitabu chake chote, ukurasa kwa ukurasa.

"Dunstan, nisikilize. Kwenye theluji acha gia hapo kwa D. Usiguse B hata kidogo. B inafanya mota izishike tairi za mbele, na zikishikwa zinateleza. Halafu hiki kitufe..."

"Nimeendesha lori la majani chai huko Nandi, mvua ya Aprili, wewe ukiwa nasari," akamkata. "Mteremko ni gia nzito. Utanifundisha nini wewe?"

Kichwa ngumu, jamani! Na tuseme ukweli, kwenye matope hakuna aliyemshinda. Lakini haya hayakuwa matope.

Walifika Piney Branch, pale barabara inapoanza kuteremkia kijito cha Sligo. Dunstan akauona ule mteremko mweupe, roho ikamruka, mkono ukaenda wenyewe. B. Gari likanguruma, pua ikakataa usukani, likajiendea kando bila haraka, kama ng'ombe aliyechoka na njia, likajichomeka kwenye lundo la theluji lililoachwa na greda.

Akakanyaga mafuta. Kila tairi zilipoteleza, gari lilijikata nguvu lenyewe. Akakanyaga tena, likakata tena. Akashuka akachimba kwa mikono mitupu. Mara tatu Jepkosgei alimwambia, "Kitufe, Dunstan, bonyeza kile kitufe," na mara tatu akamjibu kwa Kinandi maneno ambayo mama yao angemchapa kwayo. Dakika arobaini zikapita hivyo. Mwishowe akaketi palepale kwenye theluji, mwanamume mzima, ndevu zimeganda, akalia kwa sauti: "Mama, ningoje. Ningoje tu kidogo."

Jepkosgei hakumbembeleza. Aliingia akashika usukani, akabonyeza kile kitufe, na gari likaacha kujikata nguvu. Dunstan na jirani mmoja aliyekuwa akiondoa theluji mlangoni pake wakasukuma, likatoka. Jepkosgei akabonyeza tena kitufe, gari lirudi kujizuia lenyewe kuteleza, akaacha gia kwenye D, akateremka polepole mguu ukigusa breki kwa mbali. Kutoka pale hadi mlango wa hospitali zilikuwa dakika nne. Dunstan alizihesabu kwenye saa ya gari.

Nje ya chumba alisimama msaidizi wa wagonjwa aitwaye Sikujua, mwanamke kutoka Bukavu, Kongo, aliyekuwa akizungumza na mama kwa Kiswahili wiki zote hizo. Uso wake ulitosha.

"Ameenda, ni dakika kumi na tano tu zimepita, kaka. Pole sana. Alikuita, alikuita." Akafungua kiganja chake akakitazama. "Kisha akanishika mukono, akanitemea mate humu. Akasema, 'Hii mupatie Dunstan.' Miye nilizani homa ndiyo inasema. Na huku kazini wanatuambia kunawa kila mara. Nikanawa, kaka. Nikanawa na sabuni."

Jepkosgei aliziba mdomo. Sikujua akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na machozi yakaanza kumtoka ingawa hakuna aliyemweleza kitu.

Dunstan hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi, na yeye ndiye aliyezitupa dakika arobaini kwenye lundo la theluji? Alinyoosha viganja vyake viwili, vyekundu, vimechubuka kwa barafu, akauchukua ule mkono wa Sikujua na kuukandamiza katikati yake kwa muda mrefu. Ulikuwa mkavu, na ulinukia sabuni ya hospitali.