Mzee Aliyeinama Majanini

Jua la Olmotonyi huchelewa, maana lazima kwanza liupande Meru kwa upande wa pili. Lakini likishafika kileleni halina tena subira: linateremka msituni, linateremka mashambani, linaingia uani kwa Namelok bila hodi. Asubuhi ile lilimkuta amekwisha piga magoti mbele ya ngozi ya ng'ombe, na juu ya ngozi vimetapakaa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, vikubwa kama viganja, vikimngoja.

Vipande ishirini na vinne, picha moja. Ndivyo alivyoambiwa na yule bibi Mdachi ambaye Namelok alikuwa akimpelekea maziwa, siku bibi alipofunga masanduku yake kurudi Ulaya. "Ilikuwa ya baba mkwe wangu," bibi alisema. "Macho yake yalipungua nguvu, ndiyo maana vipande ni vikubwa hivi. Vipange, utaona watu." Watu gani, wanafanya nini, hakusema. Kifuniko cha kasha, chenye picha nzima, kilikwisha liwa na mchwa.

Na moyo wa Namelok, hebu usikie unavyokwenda. Ungedhani ni yeye anayeolewa.

Anayeolewa ni Nosim, binti yake, baada ya siku nne, na hapo ndipo palipouma. Binti hatoki nyumbani kwa mama yake bila baraka za wajomba. Husimama pamoja, bega kwa bega, wakamtemea maziwa ya baraka kifuani, ndipo aende. Nosim ana wajomba wawili, Koikai mkubwa na Loishiye mdogo, tumbo moja na Namelok aliyezaliwa kati yao. Na wawili hao hawajasemezana tangu mwaka wa juzi, walipogombea zamu ya maji ya mfereji, Koikai akamtukana mdogo wake mbele ya watu. Tangu hapo kila mmoja ana neno lake moja: akija yule, mimi siji.

Namelok anawajua ndugu zake. Kwa maneno hawaji, kwa kitu kipya hawakosi. Akamtuma Nosim kwa huyu, akamtuma kwa yule, na kwa kila mmoja akamkataza kumtaja mwenzake.

Akaja Koikai, na fimbo yake, na kikohozi chake. Nosim akainamisha kichwa, mjomba akakigusa kwa kiganja. Hakuuliza habari za harusi. Akachuchumaa pembeni ya ngozi, akakunja uso, akaokota kipande.

Akaja Loishiye, akamwona kaka yake, akasimama. Miguu ilibaki langoni, macho yakaingia.

Weka hiki. Sicho. Weka kile. Ndicho. Vipande vikashikana, meno kwa meno, na kila viliposhikana Namelok alisikia raha ikimpanda mpaka kooni. Walianza na majani, maana mfugaji huanza na malisho. Kijani kikaungana na kijani, kikatambaa juu ya ngozi, uwanja mpana, laini, sawasawa kama uliopigwa pasi.

"Malisho mafupi namna hii," Loishiye alisema kule langoni, akiliambia lango. "Yamepitiwa na ng'ombe wangapi?"

"Wengi," Koikai akajibu, akiviambia vipande.

Namelok hakuthubutu kuinua uso. Miaka miwili, na haya ndiyo maneno yao ya kwanza. Weka hiki. Sicho. Weka kile. Ndicho. Zikaja suruali nyeupe, zikaja kofia, zikaja ndevu. Loishiye alikuwa sasa hatua tano kutoka kwenye ngozi. Sasa tatu. Sasa kivuli chake kilikuwa juu ya picha, na hakuna aliyemwambia asogee.

Katikati ya uwanja kulikuwa na vitu vyeusi vya mviringo, vimekusanyika pamoja.

"Vibuyu," Nosim alisema. "Vibuyu vya pombe ya asali."

"Vibuyu visivyo na shingo?" Loishiye aliuliza.

"Kwao labda hukata shingo," alisema Koikai, na Namelok aliuma mdomo asicheke.

Kisha akatokea mzee. Ndevu nyeupe, mgongo umepinda, goti moja karibu liguse chini, mkono wake umenyooshwa kuelekea majanini, na mahali pa kiganja palikuwa bado wazi. Mbele yake amesimama mtu wa umri mdogo zaidi, anamtazama, anangoja.

Wote wakautazama mkono ule. Nani asiyejua maana yake katika nchi hii? Anayeng'oa majani mabichi na kumnyooshea mwenzake anaomba amani, na majani yakinyooshwa hayakataliwi. Ee majani ya Meru, ya kijani tangu babu zetu, mangapi mmeyamaliza ninyi ambayo fimbo haikuyaweza.

"Lakini ni mkubwa ndiye anayeinama," Loishiye alisema taratibu. Sauti yake ilikuwa na ufa.

 Koikai alimtazama yule mzee, akamtazama tena.

Ndipo Namelok alipogeuza kipande cha mwisho mkononi mwake. Kilikuwa na kiganja cha mzee. Na kiganja hakikushika majani. Kilishika tufe jeusi. Alikwisha waona, Jumapili moja nyumbani kwa bibi, wanaume wakiviringisha matufe kama hayo nyasini na kuchekana. Mchezo. Picha nzima ilikuwa mchezo.

Hakufikiri. Alikiweka chini ya paja, akakikalia.

"Kimoja kimepotea," alisema.

Koikai akaegemea fimbo, akainuka, akaenda mpaka penye ukuta wa nyumba palipoota majani. Akainama. Magoti yalilia, uani wote wakayasikia. Akang'oa fungu la majani na mizizi yake na udongo wake, akarudi, akalinyoosha.

"Loishiye, mtoto wa mama yangu. Nilikutukana, na maji yalikuwa zamu yako."

Loishiye aliyapokea kwa mikono miwili. Akalia waziwazi kama alivyolia siku walipomzika mama yao. Namelok naye alilia, kwa furaha, furaha tupu, hata akasahau alichokalia.

"Mama Nosim," Koikai akamwambia. "Inuka sasa. Umekalia tufe la yule mzee."

Namelok akaganda. Kisha akakitoa, maana hapakuwa na pa kukificha tena, akakitia mahali pake. Ndicho. Mzee akawa mcheza michezo, vibuyu vikawa matufe.

Loishiye aliitazama picha. Akayatazama majani mkononi. Uso wake ukaanza kujifunga, na Namelok akahisi harusi ya mwanawe ikimponyoka vidoleni.

"Kumbe ulijua," Loishiye akamwambia kaka yake.

"Tangu vile vibuyu. Niliwaona Wadachi wakicheza hivyo, nilipopelekwa kubeba mawe ya kujengea boma lao."

"Sasa mbona umeinama?"

Koikai akakaa chini kwa shida, karibu kabisa na mdogo wake, bega likagusa bega.

"Miaka miwili nimengoja mtu ainame kabla yangu," alisema, kidole juu ya mgongo wa mzee wa pichani. "Leo nimempata."

Loishiye hakuyaachia majani.