Uwanja Uliosawazishwa

Katika nchi ya Bondeni, aliyejenga mahali pa watoto aliwaingiza wa kwake kwanza, wakacheza siku saba mbele ya wote. Mila hiyo hata Mfalme Kiboko hakuthubutu kuivunja.

"Fundi Nguchiro," alisema barazani, "nimeuona mchoro wako. Magogo, mawe ya kurukia, kijito, kichuguu cha kupanda. Huu ni uwanja au pori?"

"Ni pori dogo, Mtukufu. Mtoto akikosea kuruka anaangukia mchangani. Kesho hakosei."

Waziri Ngiri alicheka. "Wageni waje wawakute watoto wetu na matope mpaka masikioni?"

"Kwa matope, Mheshimiwa, wewe hatukuwezi," alisema Swala, mjumbe wa akina mama. Baraza likaficha vicheko.

"Sawazisha," Mfalme akakata shauri. "Kila kitu kionekane kutoka kitini pangu. Mtoto asiye na pa kujificha hana pa kupangia njama."

Nguchiro alikuwa na neno la kusema. Alilipima, akaliona zito, akainama.

Alifukia kijito, akang'oa magogo, akasakafia udongo mwekundu mpaka ukang'aa. Wanawe wakacheza siku saba, wakapigiwa makofi. Siku ya nane aliwarudisha nyumbani, ambako alikuwa ameyapanga magogo yale yale nyuma ya ua. Majirani walipouliza, alisema ni kuni.

Miaka miwili watoto wa Bondeni walitembea kwa mstari, wala hakuna aliyechubuka goti. Kiangazi cha tatu moto ulishuka kutoka kilimani, watoto wakakimbilia ukingo wa korongo. Wazazi, waliokuwa malishoni ng'ambo ya korongo, waliwaita watoto waruke. Korongo halikuwa pana. Wana wa Nguchiro waliruka. Wenzao walijipanga ukingoni, wakangoja kuelekezwa. Wakubwa walivuka kuwabeba, mmoja mmoja. Tisa hawakuwahiwa.

Barazani Ngiri alisoma taarifa: moto ulikuwa mkali kupita kiasi, na akina mama walizembea. Mfalme akaamuru uwanja wa pili kama ule ujengwe kwa ukumbusho, na fundi avishwe nishani.

Nguchiro hakuinua shingo ivishwe. "Moto ungeweza kukimbiwa, Mtukufu. Wanangu waliruka."

Swala, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa miongoni mwa wale tisa, alimgeukia taratibu. "Walijifunzia wapi, Fundi?"

"Nyuma ya ua wangu. Kwenye magogo niliyoyang'oa uwanjani."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama. Nilijua tangu siku ile ya mchoro."

Wote walingoja Swala apige kelele. Hakupiga. Aliwapitia wajumbe mmoja mmoja kwa macho, akauliza kwa sauti ile ile ya chini: "Na nyinyi, wa kwenu wanachezea wapi?"

 Aliyejibu ni Waziri Ngiri, akiangalia kwato zake.

"Kwa mjomba wao, ng'ambo ya mlima. Kule bado kuna miti."

Mfalme alitangaza kikao kimefungwa. Hakuna aliyeinuka.