Petroli ya Mushagalusa

Dereva Kabera alitangaza mbele ya maegesho yote ya Kamembe, upande wa Rwanda, kwamba petroli ya Mushagalusa ina maji, na tangu hapo hakuna dereva aliyemsogelea yule muuzaji hata kwa salamu. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Kwa kweli miaka ile ya vita vya Kongo methali haikuhitajika. Mtu aliyevuka daraja kutoka Bukavu na bidoni zake, yale madumu ya petroli, alikuwa na hatia kabla hajafungua mdomo.

Gari la Kabera, lililokuwa limetumika kwanza Ulaya, lilikuwa linakatakata. Likiwa limesimama liliunguruma vizuri tu. Likipakia mchele Bugarama na kuanza kupanda, silinda zilikosa moto, abiria wakashuka kutembea. Mushagalusa alimimina petroli yake katika chupa nyeupe, akaiweka juani ili watu waone kama maji yatajitenga chini. Hayakujitenga.

"Mayi ya Bukavu haionekanaka," Kabera akasema, na bila shaka watu wakacheka.

Mushagalusa alikasirika. Kamembe ikimfungia mlango, wanawe watakula nini? Kwao Bukavu kila kona ilikuwa na muuza petroli. Akamwendea Harelimana, fundi aliyekulia Uvira akarudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, akamsihi alitazame lile gari mbele ya watu.

Fundi hakuwa na haraka. Alitoa plagi, zikapiga cheche safi. Akabadilisha nyaya, hali ikawa ileile. Kisha akaweka kiganja nyuma, kwenye mdomo wa bomba la moshi, huku Kabera akikanyaga mafuta. Upepo ulitoka hafifu, kama pumzi ya mgonjwa.

"Gari haiko inapumua," akasema.

Akaingia chini, akalegeza bomba mbele ya kile kisanduku cha kusafishia moshi, ambacho madereva wengi walidhani ni sailensa ya pili. Gari likapiga kelele za kuamsha wafu, lakini lilipanda mlima wa Mururu na mzigo wake bila kukohoa. Kisanduku kilipotolewa na kufunguliwa, vitundu vyake vilikuwa vimeyeyuka na kuziba.

"Haiko mayi, Papa Kabera. Ni plomb, ile madini ya risasi banachanganyaka mu petroli. Ya Mushagalusa, ya kituo, yote iko nayo. Inauaka iki kisanduku. Gari za zamani, sawa za aba bengine, haziko nacho, hazina shida."

Samahani haikumtoka Kabera. Alisukuma tu bidoni yake ijazwe, na wengine wakapanga foleni nyuma yake. Mushagalusa alifurahi waziwazi, akawasamehe kabla hawajaomba.

Foleni haijaisha, akafika Byiringiro, mfanyabiashara, na gari lililotoka Ubelgiji juzijuzi.

"Nasikia yako ndiyo safi. Jaza."

Mushagalusa aliinama, akakiona chini ya gari kisanduku kama kile cha Kabera. Angeweza kumimina tu. Gari lingechukua miezi kuharibika, na nani angemkumbuka?

"Papa," akasema, akisimama, "iyi petroli itaua gari yako. Yangu na ya bengine bote."

Kabera alikuwa bado ameegemea mlango wa gari lake. Sauti yake ikafika mwisho wa maegesho.

"Munasikia? Yeye mwenyewe amekubali, petroli yake inauaka gari!"

Dereva aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akaokota bidoni yake tupu, akaondoka. Wa pili akamfuata.