Klachi ya Balbir

Ndesanjo alikuwa hodari wa kuondoka. Waliozoea kwenda Kikwe kutazama mbio za pikipiki za vumbi watakwambia hivyo hata leo: geti la kuanzia likianguka, wakati wenzake bado wanabishana na gia, yeye alikwishaingia kona ya kwanza. Siri ilikuwa vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Kwa vidole hivyo aliiachia klachi kidogo kidogo, jinsi mama anavyomwachia mtoto anayeanza kutembea, na pikipiki ikachomoka bila kuzima wala kuinua gurudumu. Vijana waliojaribu kumwiga waliishia kulala chali.

Mkono huo ulivunjwa na Balbir Singh, na hapo ndipo ilipo habari yenyewe.

Balbir alikuwa na gereji mjini, mtaa wa Themi. Urafiki wake na Ndesanjo ulianza enzi ambazo ndani ya duka zima la spea ungekuta kopo la grisi na kalenda ya mwaka uliopita. Walikata wenyewe sahani za klachi kutoka kwenye breki chakavu za malori, wakazisugua kwa msasa, wakazifunga, wakaenda kushindana, zikaungua, wakacheka. Ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipokuja na makontena yakaanza kushushwa mjini, Ndesanjo alifungua duka la mbegu na dawa za mashamba, Balbir akapanua gereji, na kila Jumapili baada ya misa Balbir alikuwa mezani kwa Ndesanjo kule Engutoto, kilemba kichwani, akigombania ndizi na watoto wa nyumba.

Halafu ikaja siku ile. Kwenye tuta kubwa la Kikwe, lile la kurukia, Ndesanjo alitua vibaya akaanguka. Balbir alikuwa nyuma yake, na alikwisharuka. Pikipiki ikishakuwa hewani haina breki. Gurudumu likamtua Ndesanjo kwenye kiganja cha kushoto. Uwanja mzima uliona, na katika uwanja mzima hakutoka mtu wa kumlaumu Balbir isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa na haki ya kusikilizwa.

Mkono ulipona ukiwa umepinda. Vidole viliweza kushika kikombe, lakini kubana klachi mzunguko baada ya mzunguko vilishindwa. Vilikufa ganzi, injini ikazima, vumbi la wengine likampita. Hata hivyo hakuacha kushindana. Kila msimu alijiandikisha, kila msimu akashika mkia, na kila aliyemuuliza amepatwa na nini alijibiwa neno lile lile: "Muulizeni Balbir." Balbir akauza pikipiki yake. Mezani kwa Ndesanjo hakuonekana tena kwa miaka mitano. Wakikutana benki, Ndesanjo alitazama ukuta.

Sasa, Jumapili moja ya mwaka elfu mbili na nne, Balbir alibisha hodi Engutoto. Alikuwa amebeba kasha dogo, na juu ya kasha lile alikuwa amelaza jani bichi la isale.

Mchaga yeyote anajua maana yake. Jani la isale likiletwa mlangoni kwako, aliyelileta anaomba msamaha, na hukatai, hata kama ameua. Mama yake Ndesanjo, Bibi Pudensiana, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho kuja kutibiwa macho, alilitambua jani hilo kabla hajaitambua sura ya aliyelishika.

"Shikamoo, mama," alisema Balbir.

"Marahaba, mwanangu. Ulipotelea wapi?"

Balbir alinyosha kasha mbele. Alimtazama Ndesanjo. "Ni klachi," akasema. "Ndugu zangu wa Uingereza wameniletea. Inajishika na kujiachia yenyewe kadiri injini inavyozunguka. Hushiki kitu. Mkono wa kushoto unapumzika tu."

Ndesanjo aliona ametukanwa. Yeye, ambaye watu walilipa kiingilio kuja kumwona akiondoka, afungiwe kidude cha kuondoka kwa niaba yake! "Kwa nini usiniletee baiskeli ya magurudumu matatu?" akasema. "Hiyo nayo haina klachi."

"Ndesanjo," alisema Bibi Pudensiana, "isale halikataliwi."

"Mama, huyu si Mchaga."

"Isale haliulizi aliyelibeba ametoka ukoo gani. Linamuuliza aliyeletewa."

Evelyn, mke wa Ndesanjo, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akifuta mikono kwa kitenge. Mwanamke yule alikuwa na tabia ya kunyamaza hadi watu wasahau kwamba yupo. "Baba Anande," akasema, "siku zote unatuambia kilichokuangusha ni mkono tu. Kama ni mkono tu, dawa si hiyo?"

Angefanyaje? Akapokea. Lakini mtu anaweza kupokea huku moyo umefunga mlango, na Ndesanjo alipokea kwa hila. Alijiambia kuwa ataifunga klachi ile, ataipanda pikipiki mbele ya mwenyewe aliyeileta, itashindwa kama vitu vyote vya mkato vinavyoshindwa, kisha atamrudishia kasha lake. Hapo isale litakuwa limeheshimiwa na uchungu wake utabaki mahali pake. Maana alikuwa ameuzoea uchungu ule. Ulimpa heshima: alikuwa bingwa aliyeharibiwa, na bingwa aliyeharibiwa habishiwi.

Balbir aliifunga mwenyewe gerejini, akaijaribu, akaifungua, akaifunga tena. Jumamosi iliyofuata walikwenda Kikwe, kila mtu na gari lake. Uwanja ulikuwa mtupu. Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu, na upepo ulikuwa ukisomba vumbi jeusi kuelekea kwenye mashamba ya mahindi. Balbir alisimama kando ya tuta kubwa, mikono nyuma.

Ndesanjo aliwasha, akaingiza gia huku mkono wa kushoto umeshika usukani tu. Kwa mazoea alingoja injini izime. Haikuzima. Pikipiki ilisimama kwenye gia ikinguruma, imetulia. Akaongeza mafuta kwa mkono wa kulia.

Iliondoka vizuri kuliko alivyowahi kuondoka katika maisha yake. Lazima tuseme kweli, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye aliisema. Kona ya kwanza, ambako vidole vilikuwa vikimsaliti, akapita. Ya pili, penye mchanga, akapita, injini ikipumua sawasawa. Bila kutaka, alianza kucheka ndani ya helmeti. Miaka yote mitano ilikuwa ikimdondoka mabegani. Akaliona tuta kubwa mbele, akainuka kwenye pedali, tayari kuruka.

Pikipiki ikanywea. Ikapanda tuta ikitambaa, ikashuka upande wa pili kama ng'ombe anayeshuka mtoni.

Klachi, alijiambia. Nilijua. Akafanya mzunguko wa pili, safari hii akiwa macho. Ondoko safi, kona safi, mchanga safi. Tuta likaja, na Ndesanjo akajichunguza mwili wake mwenyewe jinsi unavyomchunguza mfanyakazi unayemshuku wizi. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala kwenye usukani, hauna kazi, hauna maumivu. Mkono wa kulia, ule mzima, ule ambao hakuna mtu aliyewahi kuugusa, ulifunga mafuta.

Mzunguko wa tatu aliuamuru kwa sauti usifunge. Ukafunga.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ni rahisi kuisema methali mradi mbaazi si wewe. Ndesanjo alisimamisha pikipiki chini ya tuta, na kilichomjaa kifuani kilikuwa aibu, kisha hofu juu ya aibu. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa tangu siku ile alipoanguka, na miaka yote hii ganzi ya vidole ilikuwa imemfichia woga, kwa sababu kila mzunguko alizima kwenye kona, na anayefika tutani akijikokota haulizwi kwa nini haruki. Angekuwa na vidole kumi vizima bado angeshika mkia.

Balbir alikuwa anakuja akitembea taratibu. Mpanda pikipiki aliyekaa gerejini miaka ishirini hahitaji macho. Injini inayofungiwa mafuta ina sauti yake. Ndesanjo alijua kwamba Balbir amesikia, mara zote tatu.

Balbir alichuchumaa kando ya injini, akaigusagusa bila sababu, kichwa chini. "Kosa ni langu," akasema. "Springi nimezifunga zikalegea. Ndiyo maana inanywea kwenye tuta. Nitairekebisha wiki ijayo."

Hakuwa mtu wa kusema uongo, na uongo wake ulikuwa mbovu. Lakini alikuwa ameuleta kama alivyoleta lile kasha, na hakuwa amemwomba Ndesanjo chochote. Alichotakiwa Ndesanjo ni kuitikia tu. Wiki ijayo zingekuwa springi, wiki ya pili mafuta mabaya, na Balbir angeendelea kubeba, kwa kuwa alikwishazoea kubeba. Hakuna binadamu mwingine ambaye angejua.

Ndesanjo alivua helmeti. Alimtazama rafiki yake pale chini, ndevu zilizokuwa nyeusi siku ile ya ajali sasa zikiwa na mvi, na akaona kwa mara ya kwanza kwamba mtu huyu alikuwa ameacha kupanda pikipiki, kitu alichokipenda kuliko chakula, kwa sababu ya maneno mawili aliyoyasema yeye kwa kila aliyeuliza. Ikamuuma kuliko kiganja kilivyowahi kumuuma.

"Uliifunga sawasawa," akasema.

Balbir aliendelea kuigusagusa injini.

"Klachi haina kosa, Balbir. Ninafunga mafuta mimi, kwa mkono huu mzima. Naogopa lile tuta." Akaning'iniza helmeti kwenye usukani. "Mashindano nimeacha. Lakini sikia: nimeacha mimi. Hukuniachisha wewe."

Upepo ulikuwa mkali, na Ndesanjo alidhani maneno yamechukuliwa na vumbi. Kisha fundi yule akakaa chini kabisa, kwenye udongo, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao miguu yake ilikwishausahau uzito wake.

"Rudia," akasema.

Ndesanjo akarudia.