Ndugu wa Kunyonya

Chupa ilikuwa imejaa. Triza aliiona mara tu alipoingia kwa Amino jioni ile, vumbi la kiwandani bado nyweleni: maziwa ya kopo aliyomwachia mwanawe asubuhi, hayajaguswa. Kisha akamwona Wekulo mwenyewe, kifuani mwa Amino, chini ya shela, ananyonya huku mguu mmoja ukicheza kwa raha.

"Usikasirike, Mama Wekulo," Amino alisema akitabasamu. "Hiyo chupa akipewa analia tu. Mimi yangu yanamshinda Sabrin wangu, mpaka yanamwagika. Nikasema, wallahi, mtoto wa jirani alale njaa na mimi niko?"

"Tangu lini?"

"Wiki sasa. Huyu ni wangu pia, umesikia? Kwetu, ukimnyonyesha mtoto akashiba, umemzaa. Yeye na Sabrin ni ndugu, hata kuoana hawawezi." Akacheka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Triza iliishia hapo mlangoni. Yeye ndiye aliyemwambia Amino kwamba kifo cha mumewe Wesonga kilimkausha maziwa. Nani angemhoji mjane? Ukweli aliuacha kliniki, alikopimwa damu akiwa mjamzito na nesi akafunga mlango kabla ya kusema. Asinyonyeshe, aliambiwa, wala mtoto asinyonye kwa mwingine, maana mtoto mwenye vidonda mdomoni anaweza kumwambukiza amnyonyeshaye.

Sayansi ilikuwa imefika mbali mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Kwa tone la damu ilimsomea mama hukumu yake. Kuhusu mtoto ikanyamaza. "Mlete akifika mwaka na nusu," nesi alisema. "Kwa sasa damu yake bado inasimulia habari zako." Na dawa? Dawa zilikuwepo, lakini si kwa watu wa mtaa wao wa Shauri Moyo.

Tangu juzi Wekulo alikuwa na vidonda mdomoni.

Triza angeweza kunyamaza. Angeshukuru, amchukue mwanawe, na kesho atafute mlezi mwingine. Amino ndiye rafiki pekee aliyebaki naye baada ya mazishi, na rafiki wa namna hiyo hapatikani mara mbili. Lakini Sabrin alikuwa amekuja akitambaa, anavuta shela ya mama yake, anataka zamu yake.

"Mama Sabrin, mtoe mtoto."

"Kwa nini?"

"Maziwa yangu hayakukauka. Mimi ni mgonjwa. Wesonga hakufa kwa kifua kama tulivyosema."

Amino hakupiga kelele. Alipenyeza kidole pembeni mwa mdomo wa Wekulo, akamwachisha polepole, akamkabidhi kwa mama yake kwa mikono miwili. Kisha akajifunika. Sabrin alilia, naye hakumnyonyesha.

Usiku huo na siku nyingi zilizofuata, Triza alimsikia Sabrin ng'ambo ya ukuta akililia ziwa alilonyimwa ghafla, na aibu ikamla. Bombani Amino alitazama ndoo yake tu. Triza alingoja minong'ono ya majirani. Alishaandaa hata maneno ya kujibu. Haikuja. Amino hakuwa amemwambia mtu.

Miezi mitatu baadaye mkokoteni ulisimama nje. Khalif, mumewe Amino, alifunga magodoro kwa kamba bila kuinua macho. Amino akabisha kwa Triza, akabaki kizingitini.

"Nimepimwa mara mbili. Sina."

Triza alilia kwa shukrani, na kwa wivu pia, Mungu amsamehe.

"Nilimwambia Baba Sabrin peke yake. Anasema tuhamie Eastleigh." Amino alimtazama mtoto mgongoni mwa Triza. "Amekonda."

"Vidonda vimerudi."

Amino alinyoosha mkono, akasita, kisha akamshika Wekulo kisigino. "Akikua," alisema, "mwambie ana dada." Akajitanda shela, akaufuata mkokoteni.

Triza alichemsha maji, akakoroga maziwa ya kopo, akampakata mwanawe. Wekulo alikataa chupa. Aligeuza uso kuelekea ukuta wa kwa Amino, ambako sasa hapakuwa na sauti.

Akikua. Amino alilitamka neno hilo kama mtu anayesema kesho. Triza alimfuta mtoto mdomo, akainamia sikio lake, akamwambia hapo hapo:

"Una dada, Wekulo. Anaitwa Sabrin."