Skurubu Nne za Injinia

Mwanamke aliporudi kutoka kazini Jumamosi mchana, alikuta sebule yake imeshapanguliwa na watu wengine. Kochi lilikuwa limesukumwa hadi mlangoni, ikabidi aingie ubavu ubavu kama mwizi. Godoro dogo la binti yake, ambalo siku zote hukaa chini ya ukuta wa matofali, lilikuwa limeegemezwa kwenye friji. Binti mwenyewe, wa miaka miwili, alikuwa ameketi juu ya boksi la runinga akilamba kidole chenye vumbi jekundu.

Juu ya stuli alisimama mume wa wifi yake, drili mkononi. Ukoo mzima ulimwita Injinia. Jina hilo alipewa na mkewe, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumvua. Chini yake wifi mtu, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, miguu juu ya meza, akiamuru. Mume wa mwanamke mwenyewe alishika futi ya kupimia na kutabasamu kwa kila mtu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri, tumemaliza kazi ngumu. Inchi sitini na tano, zawadi yenu. Sasa hata nyinyi mtakuwa na kitu cha kuangalia zaidi ya nyuso zenu."

Macho ya mwanamke yalikuwa yameshapanda ukutani, kwenye breketi ya chuma ya kutundikia runinga, iliyofungwa kwa skurubu nne. Alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa tisa sasa, na alizijua skurubu kama wengine wanavyojua majina ya watoto wao. Zote nne hazikuingia kwenye tofali. Zilipita kwenye ule mstari wa kijivu kati ya tofali na tofali, na nyumba ile ilikuwa kuukuu; mstari ule ulikuwa udongo na chokaa kidogo, ukiugusa kwa kucha unamwagika.

"Shemeji," alisema, "umetoboa kwenye kiungo. Hapo hakushiki kitu."

"Imeshika," alisema Injinia bila kugeuka. "Tena iliingia laini, kama kisu kwenye papai."

"Ndiyo ninachosema."

Wifi alishusha mguu mmoja. "Kuuza dawa ya kichwa hakumfanyi mtu daktari, mama. Wewe kazi yako ni kuhesabu misumari. Mwache mwanamume afanye yake."

"Mtoto wangu analala hapo chini kila mchana."

"Si umhamishe."

"Nimhamishie wapi? Chumbani mchana bati linachemka, utadhani uko ndani ya sufuria."

"Sisi tulilala chini ya saa ya ukutani mpaka tukaolewa, na hatukufa."

"Saa ya ukutani haina kilo thelathini."

Mumewe alikohoa. "Mama watoto, tusigombane mbele ya wageni."

"Mgeni hapa ni nani?" aliuliza dada yake. Mume akarudi kuikunja futi yake kwa makini, kana kwamba kazi ile ilihitaji cheti.

Mwanamke alijua vizuri kinachoendelea. Injinia alikuwa nyumbani bila kazi tangu mwanzo wa mwaka, na mkewe alikuwa akimzungusha kwa ndugu, nyumba hadi nyumba, amtafutie heshima kwa drili ya kuazima. Wakati mwingine angemwonea huruma. Lakini huruma yake haikufika mpaka kwenye kichwa cha mtoto. Wakiitundika tu ile runinga leo, kesho ataambiwa anawakosea adabu akigusa hata waya.

"Sawa," alisema. "Pale dukani mafundi wana mtindo wao. Aliyefunga breketi ya runinga kubwa hujining'iniza kwanza yeye mwenyewe. Ikimbeba, ndipo kinapandishwa kitu. Shemeji, ning'inia."

Injinia aliangalia breketi, kisha akaiangalia sakafu. "Mgongo wangu huu..."

"Mume wangu si popo," alisema wifi.

"Basi popo nitakuwa mimi."

Alimnyanyua mtoto kutoka kwenye boksi, akamkabidhi baba yake, akawaambia wakae kule jikoni. Akakaza mtandio kiunoni, akavua viatu. Injinia alishuka kwenye stuli haraka mno kwa mtu mwenye mgongo mbovu. Mwanamke akapanda, akakamata chuma kwa mikono miwili, akakunja magoti.

Breketi ilimbeba. Alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Wifi akacheka kicheko kirefu cha puani. "Haya, bibi misumari. Shuka uombe radhi."

Alipofika sita alihisi kitu laini kikimwagikia usoni. Vumbi. Kisha ukatoka mlio mdogo, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga, na skurubu mbili za juu zikatoka polepole kabisa, zikivuta udongo wake nyuma. Chuma kikainama mbele, na zile mbili za chini zikafuata. Alianguka kwa makalio, breketi ikamchapa kwenye muundi, na nyuma yake nusu ya tofali ikang'oka na kupasuka pale pale godoro linapokaa.



"Amekusudia," alisema wifi. Alikuwa ameshasimama. "Kaka, njoo uone! Ameruka kwa makusudi. Uzito wote ule, ukuta gani utamvumilia?"

"Nina kilo hamsini na nane," alisema yeye kutoka chini, akiushika mguu. Damu ilikuwa inapita kati ya vidole vyake.

Injinia aliinama akaokota kipande cha tofali, akakigeuza. "Nilijaribu kwanza kwenye tofali," alisema taratibu. "Biti ya drili ikawa inateleza tu. Ni ya mbao, hii. Nikaona pale katikati..."

"Nyamaza."

"Nasema tu ukweli, mke wangu."

"Nimesema nyamaza. Beba hiyo runinga."

Mume alitokea jikoni na mtoto begani. Aliutazama ukuta, akamtazama dada yake, akamtazama mkewe, na kwa mkewe ndipo alipokunja uso. "Si ungesema taratibu tu? Lazima umwaibishe mtu?"

"Nimesema. Ulikuwepo."

"Dada, tuiweke mezani," alisema mume. "Mezani itakaa vizuri."

"Sikununua runinga ya kukaa mezani kama redio ya marehemu. Nyumba ambamo mume wangu anadharauliwa siachi hata waya."

"Nenda nayo," alisema mwanamke. Alikuwa anajifunga mtandio kwenye muundi, wala hakuinua kichwa.

Mume akasita. Kisha akamweka mtoto kwenye kochi, akashika upande mmoja wa boksi, Injinia upande mwingine. Walitoka kinyumenyume, wakikwama mlangoni, wifi nyuma yao akiwaelekeza na kutangaza kwa sauti ya kufika kwa majirani kwamba kuna watu hawafai kupewa kitu.

Alibaki na ukuta. Ulikuwa na matundu manne na pengo, na matofali mawili ya juu yake yalikuwa yanacheza ukiyagusa kwa kidole. Pale chini hapalaliki tena, si leo wala wiki hii. Akaliburuta godoro akichechemea mpaka chumbani, kwenye joto la bati, akafungua dirisha, akamlaza mtoto. Mtoto akalia. Akamlaza tena, akampepea na kipande cha boksi.

Mumewe alirudi na kusimama mlangoni, shati limelowa jasho.

"Dada amesema hakanyagi tena hapa. Umefurahi?"

"Nimeumia mguu."

"Sikuulizia mguu. Nauliza, umefurahi?"

Aliendelea kupepea mpaka mtoto akafumba macho.

"Ndiyo," alisema.