Tone la Nane

Mkono wa kushoto wa fundi ulikuwa umelazwa juu ya mto mdogo wa plastiki, kiganja kikitazama dari. Kwenye ngozi yake kulikuwa na tarakimu za wino wa buluu, moja hadi nane, katika safu mbili zilizonyooka, na kando ya kila tarakimu palikuwa na tone moja lililochomwa kwa ncha ya sindano. Dakika kumi na tano zilikuwa zimekwisha. Daktari akayafuta matone, akainamisha taa, akachukua rula ndogo.

Hapakuwa na cha kupima. Ngozi ilikuwa sawa kama ubao uliotoka kwenye randa.

"Hili la nane," daktari alisema, akiligusa kwa ncha ya rula, "si la mbao, wala la vumbi, wala la chavua. Ni ile kemikali yenyewe ambayo mwili huitoa unapowasha. Humvimbisha kila mtu. Mimi, wewe, hata yule mlinzi pale langoni. Lisipovimba, maana yake ni moja."

"Ipi, daktari?"

"Dawa ya mzio imo mwilini. Umemeza lini mara ya mwisho?"

"Siku nane zilizopita. Jumapili, saa moja asubuhi."

Daktari alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea majibu ya aina hiyo. "Sijakuita mwongo. Nasema tu kwamba ngozi yako imenipa jibu jingine." Kisha akaandika mistari miwili, akaisoma kwa sauti ili pasiwe na malalamiko baadaye: *Dawa ilikuwa mwilini. Kipimo hakifai.*

"Kirudiwe kesho basi."

"Dawa haitoki kwa siku moja. Na kesho alfajiri naondoka. Nitarudi baada ya miezi sita." Akavua glavu. "Kipimo cha damu kwa mbao hizo mnazopasua kiwandani hakipo huku. Ningekuwa nacho ningekupa."

Fundi alishusha mkono wa shati juu ya tarakimu zile. Maisha yake yote alikuwa amekaa upande wa rula, si upande wa kinachopimwa.

Kiwandani walimwita Milimita. Jina hilo alilipata miaka kumi na tisa nyuma, alipoukataa mlango uliokwisha kupakwa rangi kwa sababu kona moja ilizidi kwa unene wa kucha. Wenzake walicheka, lakini mlango ulirudishwa, na tangu siku hiyo hakuna mlango uliotoka pale bila kupita mkononi mwake. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo aliandika kila kitu: unyevu wa mbao, ukali wa meno ya msumeno, hata siku ambazo mtambo ulilia vibaya. Aliamini kwamba jambo lisiloandikwa ni fununu.

Kwa hiyo kiwanda kilipoacha mbao nyeupe na kuanza kupasua mbao ngumu nyekundu, na yeye akaanza kupiga chafya, aliandika pia.

"Milimita, leo ngapi?" walimuuliza kwenye foleni ya chakula.

"Arobaini na moja kabla ya saa sita."

"Hizo ni chafya au milango?"

Wakacheka, naye akacheka, akifuta macho mekundu kwa kitambaa. Baada ya chafya yakaja mabaka: mekundu, yaliyoinuka, yakiwasha kama upupu, yakihama kutoka shingoni kwenda kiunoni na kutoka kiunoni kwenda mapajani, kama wapangaji waliofukuzwa. Mkewe, Mama Pacha, aliyekuwa mpishi katika kantini ya kiwanda hichohicho, alimpa vidonge vya njano vya zamani vilivyokuwa kabatini. Mwasho ulipungua. Lakini siku ya pili alisinzia mbele ya msumeno wa mviringo, akazinduka kidole gumba kikiwa upana wa penseli kutoka kwenye meno ya chuma. Aliandika upana huo. Jioni akaenda kwa mfamasia.

Mfamasia alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini na desturi ya kukunja karatasi ya maelekezo ili sehemu muhimu ibaki juu.

"Hivi vya njano acha kabisa, baba. Usivichanganye na hiki. Hiki hakileti usingizi kwa watu wengi, lakini wewe si watu wengi, wewe ni mmoja. Siku ya kwanza kimeze ukiwa nyumbani, ujue kinakufanyaje, ndipo ukasimame kwenye mashine."

"Ngapi kwa siku?"

"Kimoja. Usipopona na kimoja, usiongeze cha pili kwa kichwa chako, rudi hapa. Figo zako nzima?"

"Nzima."

"Na midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, usitafute kidonge. Tafuta hospitali." Akainua macho. "Kifua chako vipi?"

"Kinapiga filimbi kidogo nikimaliza kazi. Usiku kinanyamaza."

Mfamasia aliweka kalamu chini. "Hiki ni cha pua na ngozi. Kifua si kazi yake. Kitakunyamazishia chafya, nawe utadhani umepona, utaendelea kuvuta vumbi lile. Unahitaji kutoka kwenye vumbi, baba. Hilo halimo ndani ya pakiti hii."

Palikuwa na mahali pamoja pa kutokea. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na chumba cha bawaba, chenye mlango wa kioo na hewa iliyochujwa, ambamo mtu mmoja alifunga bawaba na vitasa kwenye milango iliyokwisha. Mtu huyo alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Kanuni ya kiwanda ilisema nafasi kama hiyo hupewa kwanza mfanyakazi ambaye daktari bingwa amethibitisha kwamba kazi yake inamdhuru. Asipokuwepo, hufuatwa orodha ya maombi, na orodha ilikuwa na majina ishirini na sita. Daktari bingwa alikuwa anakuja wiki mbili baadaye. Sharti lake lilikuwa moja: siku saba kamili bila dawa ya mzio, kwa sababu dawa huificha ngozi.

Jumapili asubuhi, siku nane kabla ya kipimo, Milimita alimeza kidonge cha mwisho cha pakiti ya kwanza, akaiweka pakiti mpya yenye vidonge ishirini juu ya kabati, akamwambia mkewe, "Nimeambiwa niache dawa siku saba."

"Kwa nini?"

"Ni utaratibu."

Alimpa kipimo, hakumpa sababu. Ndivyo alivyokuwa akizungumza na watu wote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni mapungufu.

Siku mbili za kwanza zilikuwa adhabu. Mabaka yalipanda hadi kwenye kope. Alikuna kwa kucha, akakuna kwa kitana, akakuna kwa ukingo wa rula ya chuma, hata shuka likaingia madoa ya damu ambayo Mama Pacha aliyafua. "Mficha maradhi kilio humuumbua," alimwambia asubuhi ya pili, akimmiminia maji baridi mgongoni. "Wewe hufichi, na bado wanakutesa. Hao madaktari wana roho gani?"

Siku ya tatu mwasho ulipungua. Siku ya nne ngozi ilikuwa safi. Katika daftari aliandika: *Mabaka: hakuna. Mdomo mkavu. Usingizi kidogo mchana.* Mtu aliyekataa mlango kwa unene wa kucha aliutazama mstari huo, akaona habari njema, akaikubali bila kuipima mara ya pili. Alifikiri huenda mwili umeanza kuzoea. Alifikiri hata kipimo kitaonyesha mzio mdogo, wa kutosha kwa cheti lakini usio wa kumuua. Jumapili alipita nyuma ya kiwanda, akasimama mbele ya kioo cha chumba cha bawaba, akapima kwa macho mahali ambapo angeweka kiti chake.

Sasa, akitoka kwa daktari, alitembea hadi nyumbani bila kujikuna hata mara moja, na kila hatua ambayo hakujikuna ilikuwa ushahidi dhidi yake.

Jikoni hapakuwa na mtu. Aliishusha pakiti kutoka juu ya kabati, akahesabu. Vilikuwa vinane. Akahesabu tena, ingawa hakuwa na shaka. Kumi na viwili vimeondoka. Jumanne jioni kimoja; tangu Jumatano hadi Jumapili, viwili kila siku, kwenye uji wa asubuhi na chai ya jioni; na kimoja leo, kabla hajaondoka. Hesabu ililingana na daftari siku kwa siku. Katika droo alikuta kijiko chenye unga mweupe uliokauka kwenye shingo yake.

Mama Pacha aliingia saa kumi, aproni ya kantini ikiwa begani.

"Baba Pacha! Mbona umekaa hivyo? Wamesemaje?"

"Mama Pacha, ulitia nini kwenye uji?"

Alisimama. Hakuwa mtu wa kudanganya. Alikuwa tu hajaulizwa. "Kidonge chako. Nilikisaga." Kisha kwa haraka, "Ulikuwa unajichuna kama kuku. Nilifua damu siku mbili. Nikasema, huyu akifika kwa daktari amechanika hivi, atalazwa. Afadhali aonekane mtu."

"Viwili kwa siku?"

"Kimoja hakikutosha kwa hali ile." Alimkaribia, akamshika mkono, akalipandisha shati, akaziona tarakimu. Akapitisha kidole juu ya ngozi tambarare, na uso wake ukachanua. "Tazama. Hakuna hata kipele. Si wamefurahi?"

Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa sahihi. Kulikuwa na tone la nane, lililopaswa kuvimba. Kulikuwa na miezi sita, na majina ishirini na sita. Angeweza kuyapanga mbele yake kama mbao zilizonyooka, na kila moja lingemwingia. Alitazama vidole vya mkewe, vilivyofifia kwa sabuni na mvuke, vikiwa bado juu ya mkono wake.

"Kimeahirishwa," alisema. "Mashine yao ina hitilafu."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza ambao hakuweza kuupima ukubwa wake.

Asubuhi mkuu wa utumishi alikuwa na karatasi ya daktari mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akafunga mlango.

"Milimita, hapa pameandikwa dawa ilikuwa mwilini. Ukiwa umeimeza mwenyewe, ni udanganyifu katika uchunguzi wa afya, na kanuni unaijua kuliko mimi. Lakini nakufahamu. Wewe hata kikombe cha chai unakiweka sambamba na ukingo wa meza. Kuna mtu alikupa bila wewe kujua? Useme. Ikiwa ni hivyo, nafasi ile naweza kuizuia hadi daktari arudi."

Dirisha la ofisi lilitazama kantini. Ng'ambo ya uwanja Mama Pacha alikuwa ameinama juu ya sufuria, upawa mkononi, mvuke ukimfunika hadi kifuani. Watu mia mbili walikula kutoka kwenye sufuria ile. Mpishi aliyemtilia mtu dawa kwenye chakula, hata kama mtu huyo ni mumewe, hata kama ni kwa huruma, asingeshika upawa ule tena, si pale wala mahali pengine ambapo habari ingefika. Na watoto wao pacha walikuwa shuleni, na kifua kilichokuwa hatarini kilikuwa chake mwenyewe.

Alipima mara mbili.

"Nilimeza mwenyewe," alisema.

"Kwa nini?"

"Niliwashwa."

Mkuu alivuta fomu. Akaandika onyo la mwisho, akaigeuza karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Milimita alitia sahihi katikati ya mstari kabisa. Chumba cha bawaba kilikwenda kwa jina la kwanza katika orodha, kijana wa idara ya rangi mwenye mapafu mazima.

Jioni ile alimketisha mkewe mezani na ile karatasi ya mfamasia. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimweleza jambo pamoja na sababu zake. Kimoja tu kwa siku, kwa sababu cha pili hukausha mdomo na kuleta usingizi, na usingizi na msumeno havikai nyumba moja. Kisichanganywe na vile vya njano. Mdomo ukivimba au pumzi ikikata, ni hospitali, si kijiko. Na dawa haitiwi kwa siri, hata kwa mapenzi, kwa sababu anayeimeza asipojua hawezi kujibu anapoulizwa. Mama Pacha alisikiliza kwa makini, akirudia kila moja kwa midomo. Karatasi ilikuwa na mstari mwingine chini kabisa, unaohusu vipimo vya ngozi. Milimita alikuwa ameikunja ili kuuficha mstari huo.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Ungeniambia tangu mwanzo."

"Ndiyo."

Kesho yake mbao nyekundu zilikuwa zimepangwa kando ya msumeno, ndefu, zikinukia kama pilipili iliyokaangwa. Alifunga barakoa, akaandika unyevu, akawasha mtambo. Hakupiga chafya. Ngozi haikuwasha. Saa sita alipanga foleni na sinia mkononi, unga mwekundu ukiwa kwenye nyusi zake.

Mama Pacha alimjazia maharage, akaongeza upawa nusu ambao hakumwongezea mwingine yeyote. Akamtazama, akainua kidole kimoja hewani, akiuliza kwa nyusi.

"Kimoja," Milimita alijibu.

Alitabasamu, akamgeukia aliyefuata. Milimita alibeba sinia lake hadi kwenye benchi la ukutani, akaketi, akangoja filimbi kifuani mwake ipungue ndipo aanze kula. Alitazama saa. Siku zilizopita ilikuwa inachukua dakika nne; leo saba zilikuwa zimekwisha, nayo bado ilikuwa ikilia. Alipapasa mfukoni akitafuta daftari, akalishika, akaliacha humohumo.